Nani Alimfikisha Mzee Angolwisye?

Sogeeni. Anayetaka hadithi ya kumletea usingizi aende akalale sasa hivi, maana hii imewafanya watu wazima wanuniane hadi leo. Nitaisimulia kama ilivyokuwa, ingawa mtaona nimekaa karibu zaidi na yule binti. Mwisho nitanyamaza, na kazi itakuwa yenu.

Alikuwepo mzee mmoja, Angolwisye, wa kule juu ya Tukuyu ambako mvua ni mwenyeji na jua ni mgeni. Mzee huyu alikuwa na kitu ambacho jirani zake wote hawakuwa nacho: ndege. Ilikuwa ndogo, ya injini moja na viti vinne, aliyoinunua ikiwa imechakaa kwa mwenye shamba la chai aliyekuwa anahama. Akaitengeneza, akajifunza kuirusha ukubwani, akawa anapeleka wagonjwa, mbegu za viazi, na mara moja bwana harusi aliyechelewa. Watu walimwita Mzee Ndege, naye akajifanya hapendi.

Mzee alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na karama yake.

Gwamaka, wa kwanza, alikuwa mtu wa injini. Angesimama mbali, akasikiliza inavyonguruma, akakwambia ni silinda ipi inalalamika. Tena hakuvumilia uchafu. Injini iliyopita mikononi mwake ungeweza kuandalia chakula juu yake.

Subilaga, binti pekee, wa kati, alikuwa mtu wa umeme. Angefumba macho akafuata waya mmoja kwa vidole toka kwenye betri hadi kwenye taa ya bawa, bila kukosea. Alisomea kazi hiyo na cheti anacho. Lakini kila alipomaliza kazi, baba yake alimwita Gwamaka: "Hebu mwangalie mdogo wako, asije akatuunguza." Gwamaka hajui umeme hata wa kubadili taa ya jikoni. Angechungulia kidogo, akasema iko sawa, na hapo ndipo kazi ya Subilaga ilipohesabiwa kuwa kazi. Jambo hilo lilimuuma, na liliendelea kumuuma hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Lwitiko, kitindamimba, alikuwa rubani. Mikono yake ilikuwa mepesi, na ndege ilimtii. Alikuwa na kiburi pia, cha mtu ambaye hajawahi kuanguka.

Sasa niwaeleze kidogo mambo ya ndege, na msisinzie, kwa sababu kesi yote iko hapa. Ndani ya wingu rubani haoni kitu, na mwili wake unamdanganya: anahisi amekaa sawa kumbe amelala upande. Kinachomwokoa ni geji ya upeo, iliyoko mbele ya macho yake, yenye mstari unaomwonyesha mabawa yake yamelalaje. Ndani ya geji hiyo kuna kigurudumu kinachozunguka kwa kasi, na kinachokizungusha ni hewa inayofyonzwa na pampu iliyofungwa nyuma ya injini. Pampu ikifa, geji haifi papo hapo. Ubaya wake ndio huo. Kigurudumu kinapunguza mwendo taratibu, geji inaanza kuinama kidogo kidogo, na inaongopa kwa uso uleule iliokuwa ikisemea kweli. Rubani anaifuata hadi mlimani.

Mzee Angolwisye alilijua hilo, ndiyo maana alitundika kwa uzi, pembeni ya geji, kifuniko cha kopo la rangi ya viatu.

"Geji ikikuongopea, ifunike," aliwafundisha wote watatu. "Usijidai kwamba utaacha kuitazama. Macho yana mazoea. Funika."

Watoto walikuwa wakikicheka kile kifuniko. Ndege nzima yenye mitambo ya ajabu, halafu rangi ya viatu.

Basi mzee akaugua, ndugu wakampeleka Dar es Salaam kwa gari, maana mvua haikuruhusu kuruka, na njiani karibu afe. Alipokuwa hospitalini, pampu ya ndege, iliyokuwa nzee, ikakata roho. Siku hizohizo simu ikalia. Alikuwa ni yeye mwenyewe, sauti imekwisha.

"Madaktari wamemaliza na mimi," alisema. "Barabara siiwezi tena. Nataka kufia kwangu, nizikwe pembeni ya mama yenu. Atakayenifikisha nyumbani nikiwa hai, ndege ni yake."

Pengine alidhani anawatia moyo. Aliwatia ugomvi. Kwa Gwamaka, ndege ile ilikuwa karakana na jina lake mjini. Lwitiko hakuwa na kazi nyingine duniani. Na Subilaga, ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini, aliitaka kuliko wote wawili. Kuipata kungekuwa sawa na baba yake kusema, japo mara moja na mbele ya watu, kwamba kazi yake ni kazi.

Wakakutana bandani kuamua pampu ya kununua.

Lwitiko akasema anataka pampu kavu, ya kisasa. Ni nyepesi na haichuruzishi mafuta. "Tutakuwa watu wanne na mizigo ya mgonjwa. Mimi ndiye ninayepaa, kila uzito mnaoongeza naubeba mimi."

Gwamaka akasema pampu kavu haina adabu, ikitaka kufa haikuagi. Yeye alitaka ya mafuta kama ile ya zamani. Mwishowe alikubali kwa sharti moja. Kulikuwa na geji ndogo ya kuonyesha kama pampu inafyonza, lakini ilikuwa imewekwa kule kwenye kona ya abiria, mahali ambapo rubani haangalii. "Naihamisha. Naiweka mbele ya pua yako. Pampu ikifa, uione imekufa."

"Weka tu, kaka, kama itakupa usingizi."

Subilaga akasema, "Kwa nini tunahangaika na pampu? Tuitoe kabisa. Pale ilipokaa tufunge altaneta ya pili, mtambo wa kuzalisha umeme, na geji zote ziwe za umeme. Altaneta moja ikifa, nyingine ipo."

Kaka yake na mdogo wake wakatazamana, wakacheka.

"Na zikifa zote mbili?" Gwamaka akauliza. "Utatuwashia mshumaa?"

Subilaga akaomba kitu kimoja tu: afunge geji ndogo ya pili ya upeo, ya umeme, yenye betri yake pekee, ili hata umeme wote wa ndege ukikatika, yenyewe ibaki hai. Lwitiko alilalamika kuhusu uzito, kisha akakubali ili yaishe.

"Haya, weka mdoli wako," Gwamaka akasema. "Ila injini yangu usiiguse, na mambo ya pampu usinifundishe. Wewe shughulika na nyaya zako."

Toka hapo Subilaga na Gwamaka hawakusemeshana. Walifanya kazi banda moja, wakipishana kama wapangaji waliogombania choo. Subilaga alifunga geji yake, akaijaribu, akaijaribu tena. Mkaguzi akaja, akaona kila kitu kimefungwa inavyotakiwa, akawaruhusu.

Hapa nisikilizeni vizuri.

Asubuhi ya kuondoka, Gwamaka alifungua boneti ya ndege, akachukua bomba la kunyunyizia, akalijaza mafuta ya taa, akaanza kuosha injini. Alitaka baba yake aikute inang'aa. Ndivyo alivyoiosha miaka yote, na pampu ya zamani, iliyozoea kulowana mafuta, haikujali. Lakini hii mpya ilikuwa pampu kavu. Ndani yake kuna visu vya kaboni, vikilowa vinanata na kuvunjika. Karatasi iliyokuja nayo ilisema wazi kwamba anayeosha injini aifunge pampu kwanza kwa mfuko. Gwamaka hakuisoma, maana mtu aliyeishi na pampu maisha yake yote atasoma nini? Subilaga aliisoma.

Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Aliona mafuta ya taa yakitiririka hadi nyuma ya injini, yakiingia kule kule kwenye pampu. Alifungua mdomo. Kisha akakumbuka, "Shughulika na nyaya zako," akaufunga.

Na si hasira peke yake. Lilikuwepo wazo jingine, dogo, ambalo lilimtia aibu hata alipokuwa analiwaza. Aliwaza kwamba pampu ile ikifa siku moja, hali ya hewa ikiwa nzuri, mbele ya watu, wataona nani alikuwa mkweli. Hakuwaza wingu wala mgonjwa. Alimalizia chai yake, akapanda ndege.

Walifika Dar salama. Wakampokea baba yao akiwa amebaki mifupa na macho, wakamketisha nyuma, kichwa chake kikalala begani kwa Subilaga. Gwamaka akakaa mbele, pembeni ya Lwitiko. Anga ilikuwa safi mpaka walipopita Njombe. Mbele yao milima ya Kipengere ilikuwa imefunikwa, wingu limejazana toka chini hadi juu.

"Lwitiko, turudi tutue Njombe," Subilaga akasema. "Tusubiri lifunguke."

Lwitiko aligeuka, akamtazama baba yake. Mzee alikuwa anavuta pumzi moja, anakaa, ndipo anavuta nyingine.

"Yeye hatasubiri, dada," alisema, akaingia.

Na ndani ya wingu, pampu ikafa. Haikupiga kelele. Ile geji kubwa ya upeo, waliyoiamini toka utotoni, ikaanza kuinama pole pole upande wa kulia. Lwitiko akaanza kuipinda ndege kushoto ili ainyooshe. Subilaga, kutoka nyuma, akaona geji zinapingana: geji kubwa inasema wanalalia kulia, na ile ndogo, ile yake, inasema wanalalia kushoto. Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa inawapeleka kaburini.

Kwa Lwitiko chaguo lilikuwa rahisi mno. Kubwa ameijua maisha yake yote, ndogo ni mdoli. Angeifuata kubwa. Lakini macho yake, yakishuka, yakakutana na ile geji ya kufyonza, ambayo Gwamaka aliihamisha kutoka kona ya abiria hadi mbele ya pua yake. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Ingebaki kule ilikokuwa, asingeiona, na mimi nisingekuwa na hadithi.

Sasa ameshajua kwamba kubwa inaongopa. Lakini kujua uongo peke yake hakumwambii mtu mabawa yake yako wapi. Lazima liwepo jicho jingine. Jicho hilo lilikuwa geji ya Subilaga, halihitaji pampu, linakunywa betri yake lenyewe, na mstari wake umetulia. Isingekuwepo, Lwitiko angebaki kupapasa ndani ya ile nyeupe kama mtu aliyefunikwa shuka.

Hata hivyo macho yana mazoea. Mara mbili Lwitiko alijikuta anarudi kuitazama geji kubwa, na mara mbili mkono ukalifuata jicho, ndege ikaanza kulala. Ndipo akashika kile kifuniko cha rangi ya viatu, akakibandika juu ya kioo na kukishikilia kwa kidole gumba cha mkono mmoja, akarusha kwa mkono uliobaki. Hebu fikirini. Ndege inaruka, milima iko kila upande, mkono mmoja umeziba uongo na mwingine umebeba watu wanne. Gwamaka asingeweza, wala Subilaga.

Mzee alifumbua macho kidogo. Sijui aliona nini, labda alihisi tu.

"Umefunika?" aliuliza.

"Nimefunika, baba."

Akafumba tena.

Walitokea upande wa pili, chai ikaonekana chini, ya kijani, imelowa. Lwitiko akatua kwenye kiwanja chao cha nyasi katikati ya manyunyu. Subilaga aligundua kwamba amemshika baba yake mkono kwa nguvu hadi alama za vidole zimebaki.

Mzee aliishi hadi Jumapili. Walimlaza mahali anapoliona kaburi la mke wake dirishani. Wote watatu walikaa pale, na wote walikuwa wanangoja kitu kimoja. Mwishowe Gwamaka, akiwa mkubwa, aliona ni kazi yake kuuliza.

"Baba, ile ndege. Ulisema."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Kwa Subilaga alikaa zaidi, au ndivyo Subilaga anavyotaka kukumbuka. "Nimefika," alisema. Hakuongeza neno, na kabla ya jioni alikuwa amekwisha.

Baada ya matanga, ukoo ukamkabidhi shauri shangazi yao, Tupokigwe, dada wa marehemu, mwanamke asiyeogopa mtu. Akawaketisha, akasema kila mmoja ajieleze.

Gwamaka akasema, "Geji ya kufyonza niliihamisha mimi. Bila mimi, Lwitiko angefuata ile kubwa hadi kwenye mwamba. Aliyewaamsha ndiye aliyewaokoa."

Lwitiko akasema, "Geji haziongozi ndege. Wao wawili walikuwa wamekaa. Na kama ningewasikiliza nikatua Njombe, baba angefia kwa watu. Nani alimfikisha?"

Subilaga akasema, "Mlinicheka. Mliuita mdoli. Toeni ule mdoli, halafu mniambie mngefika wapi." Mzee mmoja wa ukoo akasema dada alikuwa abiria, amshukuru Mungu na aachie wanaume wamalizane. Shangazi alimkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na wengine walikuwa wameshaitikia kwa vichwa.

"Na ile pampu," shangazi akauliza, "ilikufa kwa nini, ikiwa mpya?"

Macho ya wote yakamgeukia Gwamaka.

Niwaambie ambacho shangazi hakuambiwa. Siku moja kabla ya kikao, Subilaga alimkuta Gwamaka ameifungua ile pampu. Visu vilikuwa vimevunjika vipande vipande. Alimwona kaka yake akiinua kipande, akakinusa, akabaki amekishika puani muda mrefu. Harufu ya mafuta ya taa haijifichi. Gwamaka akageuka, wakatazamana.

"Ilikuwa mbovu toka dukani," Gwamaka akamjibu shangazi, akitazama chini.

Subilaga angeweza kusimama pale. Angesema, "Uliiua wewe, kwa kuosha," na madai ya kaka yake yangeanguka. Lakini swali la pili lingekuja hapo hapo: umejuaje? Na la tatu: ulikuwa wapi anapoosha? Na jibu lake lingekuwa: nilikuwa mlangoni, nakunywa chai. Akanyamaza kwa mara ya pili. Ananiambia kunyamaza kule kwa pili kulimlemea kuliko kwa kwanza, kwa sababu safari hii alijua kabisa anachokifanya.

Shangazi Tupokigwe alishindwa. Alisema kweli kabisa kwamba ameshindwa, akavunja kikao.

Siku iliyofuata Gwamaka akaenda bandani na bisibisi, akang'oa geji ya kufyonza. "Ni kazi yangu," alisema. Subilaga alipoona tundu lile, akang'oa geji yake pamoja na betri yake. Lwitiko hakuwa amefunga kitu, kwa hiyo akachukua kifuniko cha rangi ya viatu, akakitia mfukoni. Anatembea nacho hadi leo, na hana kazi. Ndege imekaa bandani, mbele pana matundu mawili na uzi unaoning'inia. Kuku wa jirani wanatagia kwenye kiti cha nyuma, pale pale alipokaa mzee. Watoto watatu waliomleta baba yao wakiwa ndani ya ndege moja hawasalimiani njiani.

Shangazi amezeeka. Amenituma niulize kila nikikaa na watu, labda atapatikana mwenye akili kumzidi. Ndege iende kwa Gwamaka, ambaye geji yake ilifichua uongo, ingawa pampu aliiua yeye kwa kutaka baba akute injini inang'aa? Iende kwa Lwitiko, ambaye mikono yake ilivuka milima, ingawa ni yeye aliyewaingiza winguni, na asingewaingiza mzee angefia Njombe? Au iende kwa Subilaga, ambaye kazi yake ndiyo iliyosema kweli wakati kila kitu kingine kinaongopa, na ambaye aliona mafuta ya taa yakitiririka akamalizia chai yake?

Mimi na nyinyi tunajua alichokinyamazia. Shangazi hajui. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele na wewe uliyejifanya umesinzia: ungempa nani ndege ile, na ukienda kumpa shangazi jibu lako, ungemwambia yote?